Umande wa Mama Moto

Pale kwa dobi, kitu kisichodumu kiliitwa umande. Tajiri akiahidi kuongeza mishahara, wafuaji hunong'onezana, "Umande huo." Mchumba akija leo na maneno matamu, kesho haonekani: umande.

Mfuaji mpya akataka kujua neno lilianzaje. Wenzake wakamwonyesha kwa kidevu mwanamke wa meza ya pasi, waliyembandika jina la Mama Moto.

"Eti dada, umande wa hapa ulitoka wapi?"

"Kwa mume wangu," alijibu bila kuinua kichwa. "Siku aliyofungasha nguo kumfuata mwanamke wake, nililia mpaka kifua kikalowa. Akasema, 'Machozi yako umande tu, jua likipanda yatakauka.' Nikaja kuwasimulia hawa mashetani. Badala ya kunipa pole, wakalifanya neno la kuchekea."

"Na yalikauka?"

"Nipe hiyo suti."

Suti ilikuwa ya mume huyohuyo. Asubuhi aliileta mwenyewe, maana leo anamwoa yule mwanamke, na bila haya akamwambia tajiri, "Mpe yule wa zamani, anaujua mwili wangu."

Mama Moto akanyunyiza maji, akashusha pasi. Mvuke ukapanda na kupotea kabla haujamfikia usoni. Kilichomuuma ni kwamba yule mwanamume hakusema uongo. Machozi yalikauka kweli; hata alipoyatafuta hayakuja. Lakini chini yake palibaki kitu kibichi, na miaka yote hii hakijaguswa na jua.

Mpiga pasi yeyote anajua: maji huondoka juu ya kitambaa kwanza, ndani ya mishono hukawia. Suti ikitolewa mezani mapema hunyooka kama rula, mpaka mwenyewe akae; hapo ubichi wa mishono huikunjakunja yote.

Akaitoa mapema.

Mchana bwana harusi akaivaa palepale nyuma ya pazia, gari likimngoja nje. Akapitisha kidole kwenye mstari wa suruali. "Mkono wako ni uleule. Bado umeninunia?"

"Kidogo. Ule umande wako unakauka polepole," akasema Mama Moto. "Na leo, bwana harusi, usikae chini mpaka ufike."

Akacheka sana, akidhani anataniwa kama zamani. Akatoka, akafungua mlango wa gari, akajibwaga kitini.