Wifi Yangu, Joka na Kiwango cha Ungo

Ukweni kwangu ni kijijini Mahurunga, na tangu nilipofika kule nikiwa bibi harusi nimekuwa nikipewa kazi za mgeni. Msimu wa korosho, wanawake wa nyumba ile huketi nyuma ya jiko, wakazikaanga kwenye kipande cha bati mpaka mafuta ya maganda yashike moto, kisha wakazibangua moja moja. Vidole wanavipaka majivu, na bado vinaungua. Mimi nilikuwa napewa ungo nichambue zilizokwisha banguliwa. "Mwacheni, mtu wa mjini huyo," husema mama mkwe, kwa upole kabisa, na upole wenyewe ndio ulionichoma. Nimezaliwa Mtwara mjini, na ndiko tunakoishi na mume wangu, sawa. Lakini mikono ninayo.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ndiye aliyeugeuza upole ule kuwa kichekesho. Anafanya kazi ofisini bandarini, ni wa mjini kuliko mimi, ila vidole vyake vina makovu ya korosho tangu utotoni, na hakosi kunionyesha. Aliponunua kompyuta mpya alituachia ile ya zamani, na ndani yake lilikuwemo gemu alilolipenda sana. Ni la miaka mingi, picha zake zina mikwaruzo. Unamtengeneza mtu wako, unampa silaha, anazunguka nchi nzima akipigana na kupata nguvu, mpaka mwisho anakutana na joka. Kwenye mipangilio unachagua kiwango cha ugumu, kuanzia rahisi hadi kile cha juu kabisa. Wifi alilimaliza kwenye kile cha juu, akaliacha humo humo.

"Likikushinda, shusha," aliniambia. "Weka rahisi. Kiwango cha ungo hicho, wifi. Na nnakwambia mapema, tukienda kubangua msimu huu nitamwambia mama umelimalizia wapi."

Nikacheka kwa mdomo tu. Moyoni nilikuwa nimekwisha apa: nitaliua joka lile palepale alipoliulia yeye, kisha nitakaa nyuma ya jiko na wenzangu.

Nikafa. Nilikufa kwa moto, nikafa kwa mkia, nikafa nikiwa nakimbia, na mara moja nilikufa nikiwa bado natafuta chupa ya dawa. Mume wangu akipita na chai yake anauliza, "Umekufa?" Nikamjibu nimekufa. "Pole," anasema, anaendelea zake.

Jumamosi moja mchana, siku chache kabla ya safari ya Mahurunga, uzalendo ukanishinda. Nikafungua mipangilio nikashusha mpaka rahisi. Nilikuwa na hasira, hasa na nafsi yangu. Hata sijaliona joka, umeme ukakatika. Gesi ya kuzalisha umeme inachimbwa hapa hapa Msimbati, inasafishwa Madimba, inasafirishwa hadi Dar es Salaam, na sisi tunaoishi nayo tunakaa tukiitazama kompyuta iliyozimika. Nikaenda zangu kumenya muhogo.

Uliporudi nikawasha, nikaingia pangoni moja kwa moja. Sikuwa na hofu, maana nilijua nimejipunguzia. Mikono ilitulia. Nikaona jambo ambalo siku zote hofu ilinificha: joka kabla ya kutema moto huvuta kichwa nyuma kidogo. Likivuta, najibanza nyuma ya nguzo. Likimaliza, natoka nalipiga shoka la ubavu. Lilikaribia kuniua, nikashangaa kwamba hata kiwango rahisi ni kigumu namna hii, nikanywa dawa ya mwisho nikaendelea. Likaanguka. Nami nikakaa pale bila furaha hata chembe.

Wifi akaingia wakati huohuo, amekuja kula muhogo wake wa Jumamosi. Akaliona joka limelala kwenye kioo.

"Nimeshusha," nikamwambia kabla hajauliza. Sikutaka anikamate.

Uso wake ukachanua. Akavuta kiti, akashika kipanya, akafungua mipangilio ajionee mwenyewe raha yake. Kisha akasogeza uso karibu na kioo.

"Wifi. Ulishusha lini?"

"Leo. Umeme ukakatika, ukarudi, nikaendelea."

"Hukulifunga kwanza?"

"Nani analifunga? Umeme ndio hulifunga."

Akashusha pumzi. "Gemu hili halishiki mabadiliko mpaka ulifunge mwenyewe vizuri. Likizimika ghafla linarudi lilikokuwa." Akanigeuzia kioo. Alama ilikuwa kwenye kiwango cha juu kabisa, pale pale alipoiacha yeye.

Nilipiga kigelegele mpaka mume wangu akaja mbio akidhani kuna habari za harusi. Nilimkumbatia wifi, nikamkumbatia mume, na kama joka lingekuwa na shingo ya kushikika ningelikumbatia nalo. Sijawahi kushinda kitu maishani mwangu kwa utamu ule.

Mahurunga, mama mkwe alininyooshea ungo kama kawaida yake. Wifi akaudaka hewani.

"Huyu abangue, mama," akasema. "Nimeona kwa macho yangu."

Mama mkwe alinitazama mimi, akamtazama binti yake, akasogea kunipisha kwenye mkeka. Korosho ya kwanza ilinichoma dole gumba, nikalipuliza, nikachukua ya pili. Mama mkwe akanisukumia kibakuli cha majivu. Ungo akapewa mume wangu.