Betri Haikuwa na Kosa

Weka hiyo bisibisi mezani kwanza, Milembe mwanangu, na hiyo simu iache ilivyo. Kuna siku moja naikumbuka kuliko siku zote nilizokaa kwenye ufundi huu, na nimesita miaka mingi kukusimulia kwa sababu ndani yake yumo mama yako, yumo baba yako, na mimi mjomba wako nimo kwa namna nisiyoipenda. Leo nitakusimulia. Chai ikipoa, ipoe.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, bidhaa zilipofunguliwa na kila nyumba hapa Mabatini ikawa inataka redio kaseti. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimejifunza kwa Fundi Hamisi mwaka mmoja na miezi kadhaa, na tayari nilijiona nimemaliza. Nilitembea na bisibisi kwenye mfuko wa shati, mpini wake mwekundu ukichungulia, ili hata nisipoulizwa ijulikane mimi ni nani. Usicheke, wewe nawe unayo kama hiyo.

Masika ile nilivuka ziwa kwa kivuko cha Kamanga kwenda nyumbani kijijini kumsalimia dada yangu Nyamizi, mama yako, aliyekuwa na mimba yake ya kwanza. Siku ya tatu, alfajiri, ikaja dhoruba kutoka ziwani ikang'oa bati moja la zahanati. Na asubuhi hiyohiyo uchungu ukamshika mama yako. Baba yako akampakia kwenye baiskeli, mimi nikawa nasukuma nyuma, tukamfikisha hapo zahanati.

Kufikia saa nne nesi Perpetua, aliyekuwa peke yake pale, alitoka chumbani akifuta mikono. Akatuambia mtoto amekaa vibaya na hatatoka bila upasuaji, kwa hiyo lazima gari la hospitali ya wilaya lije. Simu hazikuwepo, mwanangu. Gari liliitwa kwa redio ya upepo, kisanduku kizito kilichokaa kwenye rafu na kutumia betri ya gari. Na bati lililong'oka lilikuwa lile la juu ya rafu hiyo.

Nesi alikuwa amefanya sawasawa. Alichomoa waya za betri mapema, akakipindua kisanduku maji yatoke.

"Nasikia wewe ni fundi huko mjini," akaniambia. "Itazame. Lakini naona bado ina maji, tusiiachie kidogo?"

"Niachie mimi, nesi," nikasema. "Hizi ndizo kazi zangu."

Fundi Hamisi alikuwa ameniambia mara mia kwamba kitu kilicholowa hukipi umeme mpaka ukifungue na ukikaushe. Nililijua hilo kama ninavyolijua jina langu. Lakini watu walikuwa wanane pale barazani, wote wakinitazama, na kukausha hakuonekani kama ufundi. Nikachomeka waya za betri. Ikalia tak, ndogo tu, ikatoka harufu ya kuungua ninayoisikia mpaka leo kila mteja akiniletea simu iliyolowa. Nikabonyeza swichi. Kimya.

Nesi akachungulia mlangoni. "Vipi?"

Nikamjibu bila hata kufikiri. "Betri imekwisha nguvu. Inatakiwa nyingine."

Ndivyo ilivyonitoka, kirahisi tu, hata mimi nilishangaa. Baba yako aliniamini. Alikuwa anamjua mwenye baa wa kijiji cha pili aliyepiga muziki kwa betri ya gari. Akapanda baiskeli, na baiskeli ilikuwa hiyo moja tu, akaelekea upande wa huko. Kamanga, kwenye magari yanayosubiri kivuko, ilikuwa upande mwingine kabisa.

Ningeweza kumwita. Nilimwona akishuka kusukuma baiskeli kwenye mwinuko, mgongo umeshalowa jasho, na nilifungua mdomo kabisa. Halafu nikaufunga. Nikajiambia labda itawaka yenyewe, labda betri mpya italeta nguvu zaidi. Fundi mzima najidanganya kama mtu asiyewahi kuona waya.

Nikafungua kifuniko. Ndani maji yalikuwa yametulia pembeni, fyuzi imekuwa nyeusi. Nilihitaji spiriti ya kusafishia, pamba na fyuzi nyingine. Lakini nikiomba spiriti nitakuwa nimekiri kwamba kilicholowa ndicho kilichoungua, wala si betri. Basi unajua nilifanya nini? Nilikaa pale nikawa nagonga kisanduku kwa mpini wa bisibisi. Ko, ko, ko. Nanyamaza kidogo, nagonga tena, ili nesi akisikia ajue fundi yuko kazini. Upande wa pili wa ukuta mama yako alikuwa analia kwa sauti ya chini, na kila alipolia nilizidisha kugonga. Nilikuwa na hofu, na bado niligonga.

Baba yako alirudi karibu na saa sita. Betri ilikuwa imefungwa nyuma ya baiskeli kwa mpira, asidi imemtoboa suruali. Akaiweka miguuni pangu.

"Haya shemeji, washa."

Nikaitazama ile suruali. Sikuweza tena.

"Shemeji," nikasema, "betri haikuwa na kosa. Redio ilikuwa na maji nikaiwasha. Nimeiunguza mimi."

Baba yako ni mtu mwenye nguvu, nilitegemea kofi. Hakunipiga. Alikaa chini pale kwenye udongo kama mtu aliyekatwa miguu. Nesi Perpetua ndiye aliyezungumza, naye alizungumza polepole.

"Kuunguza redio, kila mtu anaweza kuunguza. Ungeniambia saa nne, huyu angekuwa ameshafika Kamanga kutafuta gari. Umenifanya nikae na mgonjwa nikingojea kitu ambacho hakiji." Akamgeukia baba yako. "Masanja, inuka. Nenda Kamanga sasa hivi." Kisha akanigeukia mimi. "Unahitaji nini?"

"Spiriti, pamba, mswaki mlaini. Na fyuzi kama ipo."

"Fyuzi ziko nne ndani ya kopo. Na vingine vyote vipo kabatini," akasema. "Vipo tangu asubuhi."

Nimetukanwa sana kwenye kazi hii, mwanangu, lakini sijawahi kusikia maneno mazito kama hayo matatu.

Nikakaa chini kama mwanafunzi. Nikamwaga maji, nikapitisha pamba yenye spiriti, nikapiga mswaki taratibu katikati ya vifaa vidogovidogo. Nikaisogeza redio karibu na jiko la mkaa alilokuwa akichemshia vyombo, umbali ambao kiganja changu kiliweza kuvumilia. Nesi akaja akauliza, "Imekauka?" Mkono ulikuwa unaniwasha nichomeke. Nikasema, "Bado, nesi." Akaja tena. "Bado." Hiyo "bado" ya pili ndiyo kazi ya kwanza ya ufundi niliyofanya maishani mwangu, mengine yote yalikuwa maonyesho.

Nilipoweka fyuzi mpya na kuchomeka waya, taa nyekundu ikawaka. Nesi akachukua kipaza sauti, akaita mara tatu. Sauti ya huko hospitali ya wilaya ikajibu kwa mikwaruzo kwamba wanampata. Gari likafika kabla baba yako hajarudi kutoka Kamanga.

Mama yako alipona. Mtoto alikuwa wa kiume. Hakulia.

Sikuwahi kumuuliza nesi kama ule muda ndio uliomchukua, naye hakuwahi kuniambia. Pengine hata yeye hakujua. Hiyo pengine nimekaa nayo tangu siku ile, na ni chungu kuliko jibu lolote. Ndiyo maana akiulizwa wewe ni mtoto wa ngapi, mama yako husema wa pili.

Nilimweleza mwenyewe, baada ya miezi. Alikuwa anachambua mchele. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Nilikuwa nakusikia ukigonga. Kila nilipozidiwa nilijipa moyo, kaka yangu yuko hapo ananitengenezea njia." Akaendelea kuchambua. Siku nyingi tulikaa hivyo, tunasalimiana tu. Kisha akanisamehe, sijui kwa nini, na wewe ulipokua akakuleta kwangu ujifunze kazi.

Basi nisikilize, Milembe. Kilicholowa usikiwashe ili kukijaribu. Kizime, toa betri, fungua, safisha, subiri. Hayo unayajua, kama mimi nilivyoyajua. Ninalotaka ulibebe ni hili: ukikosea, sema saa hiyohiyo, maana anayekutegemea ana njia nyingine ya kwenda, na wewe ukinyamaza umemfungia. Kifaa kikiungua kinatengenezwa. Muda wa mtu hakuna bisibisi inayoufungua.

Muda si mrefu uliopita nilikuwa nimekaa nje, lakini pua yangu haijazeeka. Yule mama wa dagaa alileta simu iliyoanguka majini, ukaichomeka kwenye chaji hapohapo, nikasikia harufu. Kisha ukamwambia, "Betri imekufa, mama, katafute nyingine." Naye alikuambia wanawe wa Usagara watampigia leo kuhusu baba yao mgonjwa. Hivi sasa anazunguka Mabatini nzima, duka hadi duka, kwa neno lako.

Mfuate. Mwambie ulichofanya, umwombe radhi, na uchukue simu yangu hii umpe aweke laini yake mpaka hiyo yake ikauke. Mungu akupe mikono mitulivu, mwanangu, akupe na moyo wa kusema "ni mimi" kabla baiskeli haijavuka mwinuko. Haya, nenda. Ana kanga ya njano, hajafika mbali.