Minye ya Mjane wa Nyakabere

Mimi huchapisha michezo ya kuigiza. Nachapisha pia vitabu vidogo vya kuwaonyesha walimu namna ya kuicheza na wanafunzi wao: jinsi ya kupumua, jinsi ya kusimama, jinsi ya kumsikiliza mwenzako kabla hujamjibu. Kiwanda chenyewe ni chumba kimoja hapa Uvira, kompyuta moja, mashine ya kuchapa inayogoma umeme ukipungua, na meza ambayo mimi na mwenzangu tunakunjia karatasi. Hatuna tajiri nyuma yetu, wala kanisa, wala shirika. Kwa hiyo tukikosea, hatuna wa kumsingizia.

Tuna sheria moja. Mchezo hauchapwi kabla haujasomwa kwa sauti mbele ya watu ambao maneno ni yao. Tunaiita kusahihisha kwa sikio. Mama mmoja akikunja uso, sentensi inafutwa. Sheria hiyo niliipata kwa aibu. Kitabu chetu cha kwanza kilikuwa na maelekezo kwenye mabano, "analia kidogo", "anatoka polepole", na wanafunzi wa shule moja wakayakariri pamoja na mengine yote. Binti mmoja alisimama katikati ya jukwaa akatangaza kwa sauti kuu kwamba analia kidogo, halafu akasubiri. Watu walimpigia makofi. Tangu siku hiyo siamini macho yangu peke yake.

Mchezo ninaotaka kuusimulia ulitoka kwa mjane mmoja wa Nyakabere. Mume wake alipokufa, shemeji zake walikuja kabla matanga hayajaisha, wakalipima shamba la muhogo kwa hatua huku yeye amekaa mkekani. Akainuka akawaambia maneno machache. Alitusimulia nyuma ya nyumba yake, akimenya muhogo, nami nikayaandika kama yalivyotoka, bila kugeuza minye kuwa mimi: "Hii shamba iko yangu. Minye nililima, minye nitavuna. Mwenye anataka kuipima, apime na hii mikono yangu."

Shamba walilichukua hata hivyo. Mama huyo aliniomba kitu kimoja tu: maneno yale yasemwe mbele za watu, mahali ambapo wanaume wamekaa na hawawezi kujifanya hawakusikia.

Tulipoyasoma pale kijijini, wanaume walikohoa. Mmoja alitoka kwenda kuangalia pikipiki yake, ambayo hakuna aliyekuwa ameigusa. Nikajua tuna mchezo.

Ili shule ziucheze ulihitajika muhuri wa ofisi fulani. Mkaguzi aliyenipokea alikuwa mtu wa adabu, na adabu yake ndiyo iliyoniponza. Alikuwa amepiga mstari mwekundu chini ya kila minye na kila iko. Akaniambia kwa upole kwamba hadithi ni nzuri, ila lugha ni ya sokoni, na watoto wakikuta makosa kitabuni watadhani ndicho Kiswahili. Akaongeza kwamba mtu kama mimi, niliyefundisha sarufi miaka mingi, hakuhitaji kuelezwa hayo.

Hapo alinipata. Nikaufyata. Nilirudi nyumbani nikaurekebisha mchezo mzima kwa siku tatu, na ukweli ni kwamba nilifurahia. Kila ngeli ilikaa mahali pake. Mwenzangu aliniuliza tunakwenda lini kusahihisha kwa sikio. Nikamjibu kwamba mvua imeharibu barabara. Barabara ilikuwa mbaya kweli, lakini siyo iliyonizuia. Niliona haya kumsomea yule mama maneno yake baada ya kuyafanya vile. Muhuri ukagongwa, tukachapa.

Shule moja ya Luvungi ndiyo iliyotangulia kuucheza. Mjane alikuja kwa pikipiki, amevaa kitenge chake cha misa, akakaa mstari wa mbele. Nilikaa nyuma yake kidogo. Binti aliyeshika nafasi yake alikuwa hodari, sina la kumlaumu. Aliinua kidevu akasema, "Shamba hili ni langu, kwa kuwa mimi ndiye niliyelilima." Wanaume wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Hakuna aliyekohoa. Mmoja alimwambia jirani yake kwamba mtoto yule atafika mbali, atasoma habari redioni. Makofi yalikuwa mengi, nami nikatamani ardhi ipasuke.

Mjane naye alipiga makofi. Tulipotoka nilimwuliza ameonaje.

"Ule mama wa mu teatri anasemaka muzuri sana," akaniambia. "Kama minye nilikuwa najua kusema vile, bashemeji habangeninyanganya shamba."

Hakuwa ananikejeli. Angenikejeli, ningepona haraka. Aliamini kabisa kwamba kosa lilikuwa mdomoni mwake. Shemeji walikuwa wamemnyang'anya shamba, na mimi nikaja na kalamu nikamnyang'anya neno pekee alilobaki nalo, kisha nikamfanya anipigie makofi. Nililia njiani kurudi, juu ya pikipiki ya watu, na dereva akadhani ni vumbi.

Nakala zilizobaki hatukuziuza. Tunaandika rasimu nyuma yake hadi leo. Nikaenda tena ofisini na mchezo ule wa kwanza, wenye minye zote, nikauweka mezani. Mkaguzi akafungua kurasa mbili, akavua miwani. Akaniuliza kama niko tayari kuwaharibia watoto lugha kwa ajili ya mwanamke mmoja wa shamba.

"Papa," nilimwambia, "hao watoto wanasikia minye tangu wanaponyonya. Ukiwafundisha kwamba ni kosa, unawafundisha kwamba mama zao ni kosa. Sarufi nitawafundisha mimi mwenyewe, siku ya sarufi. Huyu mama hakuwa darasani. Alikuwa anafukuzwa."

Alisema muhuri hataupiga. Nikamwambia asiupige. Nikatoka bila kuaga vizuri, jambo ambalo marehemu mama yangu angenichapia, na ngazini nilishuka kwa hasira na kwa woga pia, maana nilijua milango mingi ya shule imefungwa nyuma yangu. Liwalo na liwe.

Imefungwa kweli, sitadanganya. Lakini kwaya za vijana hazihitaji muhuri, wala vyama vya akina mama. Kuna walimu wanaokuja kwetu kimyakimya kuchukua nakala, wanaziingiza ndani ya mabegi kana kwamba ni pombe. Kamanyola, akina mama waliucheza siku ya soko, na nimeambiwa kikohozi kilienea kama mafua.

Kabla ya kuchapa upya tulirudi Nyakabere, tukamsomea mjane kila ukurasa. Nilimweleza nilichokifanya mara ya kwanza, bila kujipaka mafuta. Aliendelea kumenya muhogo wake. Nikamwambia kwamba ukurasa wa kwanza una nafasi tupu, pale ambapo muhuri wa ofisi ungekaa, na kwamba nafasi hiyo ni yake, aseme tuweke nini.

Akafuta mikono kwenye kitenge.

"Andika: hii ni maneno yangu," akasema. "Mwenye anataka kuirekebisha, akuye hapa Nyakabere, aniulize minye."

Tumeyachapa hivyo hivyo.