Pindo la Joho la Moosa

Fatouma binti Talal alikuwa na sharti moja, na hakumbembeleza mtu kwalo. Pindo la joho halishonwi mpaka mwenyewe asimame mbele yake, joho mwilini, miguuni viatu vilevile atakavyovaa siku ya kupewa diploma. Waliokuja na kandambili wakijifanya wajanja aliwarudisha kwao. "Toge si gunia," aliwaambia, akiliita joho kwa Kifaransa, huku pini amezibana mdomoni, na wasomi wazima, watu wa sheria na uchumi, walinywea mbele ya mama mfupi wa mtaa wa Buyenzi mwenye futi ya kupimia shingoni.

Vitambaa alizaliwa navyo. Baba yake, Mwarabu wa asili ya Omani, alikuwa na duka la nguo mjini Bujumbura, na binti alijifunza kutambaa kati ya majora. Alipofiwa na mumewe Yahaya, cherehani ndiyo iliyomlisha yeye na Moosa, mwanawe wa pekee. Miaka kumi na tisa alishona majoho ya chuo kimoja cha hapo mjini. Kila sherehe alikaa kiti cha nyuma kabisa, sindano na uzi mweusi mkobani, tayari kwa mshono wowote utakaomwaibisha mtu.

Alikuwa pia na kazi ambayo hakuna aliyempa. Desturi ya pale, jina likiitwa mhitimu anainuka, na ndugu zake wanapiga vigelegele. Waliotoka mbali, wasio na mtu ukumbini, Fatouma aliwapigia yeye. Alivipiga kwa nguvu zake zote, kama wote kawazaa mwenyewe.

Kisha vita. Mwaka 1995, mji ukiwa umekwisha kugawanyika mtaa kwa mtaa, Moosa alimaliza masomo. Alhamisi moja alijaribu joho lake, mama akalitia pini pindoni, halafu akamtazama miguuni.

"Viatu vyako vyeusi viko wapi?"

"Nilimuazima rafiki yangu Cirimwami, mama. Alivibeba kwao Uvira. Pima tu na hizi, si ni sawa?"

"Apana. We mutoto wangu ndiyo nikupime ovyo? Kavilete."

Uvira si mbali. Ukishapita Gatumba na mpaka wa Kongo, umefika. Moosa akacheka, akapanda baisikeli asubuhi iliyofuata. Jumamosi baisikeli ilionekana imelala kando ya barabara, upande huu wa mpaka. Moosa hakuonekana, si mzima, si maiti. Cirimwami alileta habari kwamba hakufika, na viatu akavileta pia, masikini, akidhani anafanya wema.

Hilo ndilo lililomla Fatouma. Watu walimwambia ni vita, ni wenye bunduki, ni kadari ya Mungu. Yeye alijua aliyemtuma njia ile ni nani, na kwa sababu gani. Majirani walipotaka kumsomea Moosa hitima aliwafukuza uani. Hitima husomewa maiti, na yeye maiti hakuiona. Joho alilitundika msumarini na pini zake, viatu akaviweka chini yake.

Sherehe iliahirishwa, ikaahirishwa tena. Ilipotangazwa mwishoni mwa 1997, Fatouma alikwenda ofisini kwa Astère, karani aliyeandika diploma na ndiye aliyekuwa akiyaita majina. Walijuana miaka mingi. Astère alimpa kiti, na hakujua pa kuweka macho.

"Mama Moosa, unisikilize vizuri. Diplome yake iko hapa, mu kabati. Kama unasaini kama alikufa, nakupa leo. Lakini jina yake haitaitwa. Mwenye alikufa hatumuite."

"Na kama sisaini?"

"Tunamuita mara tatu. Asipoitika, naandika absent, karatasi inarudi mu kabati."

"Basi umuite," alisema Fatouma. "Mi sijazika mutu."

Siku yenyewe askari walikuwa getini na nusu ya viti vilikuwa vitupu. Fatouma alikaa mahali pake, nyuma, karibu na mlango, joho limekunjwa mapajani, viatu vyeusi ndani ya mfuko. Ndiyo, alivibeba. Alijiambia ni kwa usalama tu, nyumba haikuwa na mtu. Alikuwa anajidanganya, na alijua.

Majina yalikwenda kwa alfabeti ya jina la baba. Wengine waliitwa mara tatu na hakuna aliyeinuka. Walioinuka, wengi wao hawakuwa na ndugu pale, maana ndugu walikuwa wamekufa au wamekimbia. Kwa hiyo Fatouma alikuwa na kazi nyingi kuliko mwaka wowote. Alipiga vigelegele mpaka koo likamkauka. Moosa alikuwa wa mwisho kabisa.

"Moosa Yahaya!"

Ulimi ulimtangulia. Kigelegele kilimtoka kirefu, safi, kabla hajakumbuka huyu ni nani, na ukumbi wote ukageuka kwa furaha kumtafuta mwenye bahati hiyo. Wahitimu wa mstari wa mbele walivuta magoti kumpisha apite. Kuna mzee alianza kupiga makofi. Fatouma mwenyewe aligeuka akatazama mlangoni, na moyo wake, baada ya miaka miwili na nusu ya kukataa kila kitu, ulisadiki kabisa kwamba anaingia.

Mlangoni palikuwa na askari mmoja anayepiga miayo.

Astère aliita mara ya pili. Sauti ya tatu haikufika hata nusu ya ukumbi. Makofi ya yule mzee yalikuwa yamekwisha, magoti yakarudi mahali pake, na Astère akainama akaandika neno lake. Hakuna aliyemkaribia Fatouma. Alikaa mpaka viti vyote vikatolewa.

Asubuhi yake aliondoa pini pindoni, moja moja. Zilikuwa zimeacha madoa ya kutu. Alishona pindo pasipo kumpima mtu, akaliweka joho pamoja na yale ya kukodisha. Viatu alimpa fundi wa viatu pale barabarani, bila kumweleza. Kisha akaenda kwa majirani, akawaambia hitima isomwe Ijumaa, na kutoka hapo akaenda ofisini.

Astère alitoa fomu bila kuuliza. Aliandika jina la marehemu, jina la baba, jina la mama. Halafu kalamu ikasimama.

"Mama Moosa, unisamehe. Wanaomba tarehe. Alikufa siku gani?"

Fatouma alikuwa anaitazama diploma mezani, jina limeandikwa vizuri kwa wino mweusi.

"Andika jana," alisema.