Kamati ya Washika Mikoba

Mimi sijawahi kupanda rola kosta hata siku moja. Naliweka hili mbele mapema kwa sababu kwa miaka kadhaa pale Jedda nilihesabiwa miongoni mwa mabingwa wa rola kosta, na bado wapo watu kule Kandara, mtaa wa Jedda, ambao wakitaka kujua treni fulani inayopinduka ina maana au ni upuuzi mtupu, mimi ndiye wanayempigia simu kwanza.

Ilikuwa miaka ile ya mageuzi. Kitu kilichokuwa marufuku mwezi jana, mwezi huu kilikuwa na tiketi na foleni. Sinema zikafunguliwa, muziki ukaanza kusikika mikahawani, wanawake wakapewa leseni za kuendesha. Hilo la mwisho lilitutishia riziki sisi madereva. Madam wangu wa mtaa wa Al-Hamra aliendesha wiki mbili, akakutana na mzunguko mmoja wa magari karibu na Corniche, ile barabara ya ufukweni, akanirudishia ufunguo. Mageuzi ndani ya nyumba yetu yaliishia hapo.

Kisha zikaja bustani za michezo. Zamani zilikuwepo mbili tatu, bembea zenye kutu na farasi wa plastiki, na mwanamume asiye na familia alikuwa haruhusiwi kuingia. Sisi tulioziacha familia zetu Mombasa na Tanga tulihesabiwa kama hatuna. Kwa hiyo elimu yangu niliianzia kwenye maegesho, ndani ya gari, kioo nimeshusha, nikisikiliza mayowe. Msicheke. Mayowe yana daraja zake. Kuna yowe la kujionyesha, la msichana anayejua kuwa kuna simu inamrekodi. Kuna yowe la mtu aliyejuta. Na kuna kimya cha ghafla, watu wote kwa pamoja, na hicho ndicho kilichonifanya mimi nimheshimu fundi aliyeijenga ile treni.

Mwenzangu wa nyumba ile ile, dada mmoja wa Machakos aliyekuwa yaya wa watoto, yeye alisomea ndani. Alikuwa akiingia na familia, akisimama chini ya kila rola pale kwenye geti, na kazi yake ilikuwa moja tu: kushika vitu. Maana huruhusiwi kupanda na kitu mkononi. Ndiye aliyetutungia kipimo tulichokuja kukitumia sote. Kama watu wanamwachia aiskrimu tu, hiyo ni rola ya watoto, usipoteze muda. Wakiacha simu na miwani, hiyo ni ya wastani. Wakiacha simu, miwani, viatu na saa, halafu bibi wa nyumba avue bangili huku akisoma dua, hapo sasa pana shughuli. Mara moja baba yake madam alimwachia meno ya bandia, yamefungwa kwenye tishu. Ile rola tuliipa heshima zote, na mpaka leo kwetu inaitwa Rola ya Meno.

Basi tukawa kamati. Ijumaa mchana tulikutana Kandara, chumbani kwa mlinzi mmoja Mkenya, tukikaa juu ya vitanda na chai ya maziwa, tukichambua. Kulikuwa na madereva, walinzi, na Mzanzibari mmoja fundi wa maabara ya hospitali, aliyekaa mtaa wa Al-Baghdadiyah, ambaye sisi tulimwita Daktari na yeye hakukataa. Dada wa Machakos hakuwa na siku ya mapumziko, kwa hiyo alihudhuria kwa sauti alizorekodi kwenye simu, akinong'ona kutoka jikoni, na nyuma yake unasikia sufuria.

Lo, tulivyokuwa tukibishana. Daktari alikuwa ametazama kwenye simu kila rola ya dunia hii na alizungumza kama aliyezijenga.

"Hii mpya ya msimu huu haina roho," alisema Ijumaa moja, akipuliza chai. "Inapanda vizuri, lakini ule mteremko wa pili, sheikh, wa kivivu. Mie nimeutazama kila upande. Wa kivivu."

"Umeupanda lini?" nikamuuliza.

"Mie nina presha, bwana. Wewe si unajua?"

Tulijua. Presha ile ilimwanza wiki ambayo wanaume wasio na familia waliruhusiwa kuingia. Alikuwa na mshahara wa hospitali, alikuwa na ikama safi, yaani kibali cha ukaazi, alikuwa na fulana yenye picha ya rola, na kila tulipomwambia twende alijishika mkono akatafuta mapigo ya moyo wake. Sisi wengine tulikuwa na sababu zetu pia. Mlinzi alikuwa zamu. Mimi nilikuwa nasubiri gari lioshwe. Kamati nzima ya mabingwa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kufungwa ule mkanda.

Lakini dada hakuwa mwoga. Yeye alitaka kupanda na alisema hivyo waziwazi. Mkataba wake ulikuwa unakwisha, ameshaomba karatasi za kuondoka moja kwa moja, na siku moja alituma sauti hii.

"Mimi naenda nyumbani na sirudi," alisema. "Nimesimama chini ya hizi vitu mpaka miguu imevimba. Nataka kupanda moja, mara moja tu, mimi mwenyewe. Si ya mtu, yangu. Nimeshamwambia madam na amekubali. Tukienda Riyadh nitapanda."

Daktari alifuta macho akasingizia mvuke wa chai. Tangu siku hiyo kamati haikuwa na ajenda nyingine. Tulimchagulia rola: ile kubwa ya bustani mpya nje ya Riyadh, ambayo kwa vile ilikuwa mpya hatukuwa bado na hesabu ya mikoba yake. Tulimchagulia kiti, cha mbele. Daktari alimwelekeza namna ya kupumua. Mlinzi alitaka apige yowe akitaja jina la kijiji chao. Mimi nilipewa kazi ya kushika vitu vyake, na nilijivuna kwa hilo kama mtu aliyepewa ubalozi.

Familia ikaenda Riyadh kwa ndege na yeye akiwa na kitindamimba amemlalia mapajani. Mimi nilipeleka gari kwa barabara, jangwa tupu pande zote, nikijisemesha mwenyewe. Siku ya bustani madam alininunulia na mimi tiketi ya kuingilia, kwa sababu palikuwa na vitu vingi vya kubeba. Nikaingia. Nilikuwa mtu mzima na moyo ulinienda mbio kama mtoto wa siku ya Idi.

Tangu asubuhi watoto wakubwa walipanda na kushuka, na sisi wawili tulisimama chini tumejaa mikoba. Dada hakulalamika. Kila baada ya muda alikuwa akiitazama ile kubwa, akinieleza kwa sauti ndogo.

"Umeona pale juu inavyosimama kidogo kabla ya kuanguka? Hapo ndipo nitafungua macho. Daktari amesema nisifumbe."

Jioni jioni madam akamgeukia, akatabasamu. "Halas, yalla, haya sasa zamu yako."

Sasa kumbe yule kitindamimba, msichana wa miaka sita, alikuwa anasikia. Alikimbia akajipimisha kwenye kijiti cha urefu pale getini, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake kichwa kikafika kwenye mstari. Kikafika kwa nywele, lakini kikafika. Mfanyakazi wa geti akasema mtoto wa kimo kile anaruhusiwa, ila lazima apande na mtu mzima kando yake. Baba alikuwa kwenye simu. Wakubwa walikuwa wamechoka, wanakula. Madam mwenyewe alikuwa na kizunguzungu tangu alipopanda vile vikombe vinavyozunguka. Akafurahi kweli kweli, akapiga makofi.

"Vizuri sana. Basi nendeni pamoja. Wewe si ulitaka kupanda?"

Dada alinitazama. Mimi nilitazama chini. Akasema, "Sawa, madam," akamshika mtoto mkono.

Hata foleni ilitaka kunivunja mbavu na kuniliza kwa wakati mmoja. Aliingia na mikoba yote, mazoea hayo, na mfanyakazi akamrudisha. Akaniachia yote, akarudi. Kabla hajafika mbele, mama mmoja asiyemjua hata kidogo akamtazama sura na sare yake, akamkabidhi glasi ya juisi amshikie. Na yeye akanyoosha mkono akaipokea. Nilimwona. Ilibidi niruke kamba nikamnyang'anye ile glasi na kuirudisha kwa mwenyewe, na yule mama alinikodolea macho kana kwamba mimi ndiye mwizi.

Wakafungwa mikanda. Nikawasha simu nirekodi kwa ajili ya kamati. Treni ikapanda taratibu, ikafika kule juu, ikasimama kidogo kama alivyosema, ikaanguka. Nilitega sikio langu la bingwa nikitafuta sauti yake katikati ya zile nyingine. Nilisikia yowe la kujionyesha. Nilisikia la majuto. Nilimsikia mtoto akicheka. Yake sikuisikia.

Waliposhuka mtoto alikuwa akirukaruka, nywele zimesimama, anataka kila mtu ajue. Dada alikuja nyuma yake akimfunga kamba za viatu huku wanatembea, sijui alifanyaje. Nikamsogezea simu. Kule Jedda kamati nzima ilikuwa inasubiri.

"Haya, toa ripoti. Ikoje kule juu?"

"Sijui," akasema.

"Hujui vipi?"

"Ilipoanza kwenda juu mtoto alianza kulia. Nikamfunika macho na huu mkono, na huu mwingine nikamshika kichwa kisigonge. Nikawa namwimbia sikioni mpaka akaanza kucheka. Nilikuwa namwangalia yeye tu." Akainama akamalizia kamba ya kiatu. "Si nilikuwa kazini."

Nilizima simu. Nilikasirika, na nasema hivyo bila kuona haya. Nilitaka kumkasirikia madam, na tatizo ni kwamba madam si mtu mbaya. Angekuwa mbaya ingekuwa rahisi. Nilimwendea na mikoba yangu yote shingoni, nikamwambia huyu dada hajapanda, mwache apande tena peke yake, mimi nitakaa na mtoto. Akashangaa.

"Lakini amepanda sasa hivi. Nimemwona kwa macho yangu."

Kiarabu changu ni cha barabarani: kulia, kushoto, simama, imeharibika. Nikajikaza. "Hadha shughul, madam. Mafi laab." Nilitaka kumwambia kuwa ile ilikuwa kazi, haikuwa mchezo. Alinitazama kwa huruma, akadhani nimechoka kwa jua, akanipa maji. Kisha akamwambia dada kwa upole kabisa kuwa wamechelewa, mara nyingine, inshallah. Na huku alijua, na mimi nilijua, na dada mwenyewe alijua, kuwa mara nyingine haipo.

"Inshallah, madam," dada akajibu, akampangusa mtoto mdomo.

Ijumaa hiyo kamati ilikaa kikao kirefu kuliko vyote. Hoja: je, amepanda au hajapanda? Daktari alishikilia kuwa kisheria amepanda, kwani mwili wake ulikuwa ndani ya kiti na mkanda ulifungwa, na kwa sisi watu wa rola hilo linatosha. Mlinzi akasema mtu hajapanda mpaka apige yowe lake mwenyewe. Mimi niliwatazama, watu wazima wamekaa juu ya vitanda vya watu, hawajawahi kuinuka hata kimo cha ngazi, wanampimia mwanamke yule alichokipata na alichokikosa. Niliwaambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Daktari alijishika mkono, akatafuta mapigo yake. Chai ikapoa na hakuna aliyeongeza nyingine.

Siku ya safari yake nilimpeleka mimi uwanja wa ndege. Mtoto alikuwa ameambiwa yaya anaenda dukani. Pale mlangoni nilitaka kumbebea begi akakataa, akalisukuma mwenyewe. Nikarudi Al-Hamra, nikaosha gari ambalo halikuwa chafu.

Kesho yake ikaja sauti kwenye kundi letu la simu. Haikuwa ya kunong'ona, na nyuma yake hapakuwa na sufuria.

"Nimefika, wazee. Nimefika salama. Sasa sikilizeni, nina ripoti. Nilipokuja Saudia mara ya kwanza nilishika bahasha ya makaratasi safari nzima, na hizo ndege zingine zote nilikuwa na mtoto. Jana nimekaa dirishani, kando yangu hakuna mtu. Ndege ikaanza kukimbia. Nikaangalia mikono yangu, hakuna kitu. Ikainuka, na mimi macho wazi, nikapiga yowe, woi, yowe moja hilo, ndege nzima ikageuka. Yule dada mhudumu, kumbe wao nao hufungwa mikanda wakati huo, akanipigia kelele kutoka kwa kiti chake, 'Mama, unaumwa wapi?' Nikamwambia siumwi popote. Leo sijashika mtoto wa mtu."