Ng'ombe Wangu Ndio Wanaomtoa Mwanafunzi Wangu Shuleni

(Jina la mwandishi wa barua hii, shule yake na kijiji chao tumevihifadhi kwa ombi lake.)

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na moja, nina mke na mtoto mmoja, ni mwalimu wa sekondari hapa wilayani Bariadi. Nafundisha somo la biashara na misingi ya uchumi. Nawaandikia nikikaa, nikisimama, nikikaa tena. Mke wangu ameshanifukuza jikoni kwa kumzungukazunguka. Nawaomba mnisome hadi mwisho kabla hamjanicheka, maana mtacheka.

Nilipoajiriwa, soko huria lilikuwa limepamba moto. Mitumba imejaa gulioni, kila mwenye lori ananunua pamba, na mshahara unayeyuka mfukoni kama sukari kwenye chai. Mimi niliyesomea mfumuko wa bei nikajiona mjanja. Wenzangu walipeleka akiba benki, mimi nikawa najibana, nanunua mtamba, nampeleka kijijini kwenye zizi la mzee wangu. Nikawa nawaringia walimu wenzangu kwamba noti haizai, ng'ombe anazaa. Na kweli walizaa. Mzee kila nikifika na mnyama anamfungua kinywa, anatazama meno, anacheka, ananiambia sasa nimekuwa mtu. Nilijisikia vizuri sana siku hizo, siwafichi.

Sasa sikilizeni. Mwezi uliopita nilikuwa nafundisha kidato cha tatu gharama ya kuchagua. Somo linafundishwa kwa Kiingereza, lakini mimi huishia kwenye Kiswahili, na wakigoma kabisa naingia Kisukuma. Nikawaambia, ukichagua kitu kimoja, gharama yake halisi ni kile ulichokiacha. Ukilima pamba shamba lote, gharama yake ni mahindi ambayo hukuyalima. Wakaelewa.

Baada ya kipindi akanifuata msichana mmoja, nimwite Kabula. Ndiye anayeongoza darasa katika somo langu. Akasimama mlangoni, anakunja kona ya sweta.

"Shikamoo mwalimu. Naomba kuuliza. Baba amesema muhula huu ukiisha niache shule, kuna watu wanaleta ng'ombe. Wanunuzi wa mwaka jana hawakurudi, pamba imetudodea ndani, na ada imepanda. Anasema kunisomesha ni hasara, kuniozesha ni faida. Sasa mwalimu, kwenye ile hesabu yako, kile kinachoachwa si ni mimi?"

Nikakimbilia hasira. Nikamwambia hao watu wanaotoa ng'ombe kumtoa mtoto shuleni hawana akili, na kwamba nitawatafuta mwenyewe niongee nao. "Wewe soma," nikamwambia. "Hao watu niachie mimi." Akashukuru kwa kupiga magoti, akaenda.

Jumamosi nikaenda kijijini kusalimia. Nikamkuta mdogo wangu amenyoa, anaimba, anapaka mafuta baiskeli. Nikauliza kulikoni, akanikumbatia. Amepata mchumba. Mzee akanipeleka zizini kunionyesha ng'ombe waliochaguliwa kwa ajili ya mahari. Wote walikuwa wazuri, na wengi wao ni wale nilionunua mimi, na watoto wao. Nikauliza binti ni wa nani. Akamtaja baba yake Kabula.

Nilimwambia, "Baba, binti huyo ni mwanafunzi wangu. Na ng'ombe hawa ni akiba yangu."

Mzee hakukasirika. Afadhali angekasirika. "Ng'wanone," akaniita kwa upole, mwanangu, "ng'ombe akishalala kwenye zizi langu ni wangu. Wewe mwenyewe ulipooa, walitoka ng'ombe wa mahari ya dada yako. Dada yako ulimuuliza?"

Dada yangu aliishia darasa la saba, akaolewa Ipililo, na kwa ng'ombe wake mimi nimepata mke ninayempenda. Mimi niliyesomea uchumi nilikuwa sijawahi kuipiga hesabu hiyo. Mdogo wangu naye alikuwa amesimama pembeni ananitazama, furaha yote imemtoka usoni, akasema kwa sauti ndogo, "Kaka, na mimi nisioe?"

Nimerudi mjini sina raha. Naamka naapa kwamba leo naenda kuswaga ng'ombe wangu niwauze mnadani, fedha imlipie Kabula ada. Nikinywa chai namkumbuka mzee. Nikienda, sina baba tena wala mdogo, na kijiji kizima kitasema nimemvunjia baba zizi. Nikinyamaza, ni jasho langu mwenyewe linaloenda kumfuta yule mtoto kwenye daftari la mahudhurio. Na kuna wakati, Mungu anisamehe, najiambia labda akiolewa kwetu nitamlinda. Halafu najiuliza nitamlinda na nani, na mimi?

Mke wangu ana neno moja tu: "Ulimwahidi." Halafu anaendelea kuchambua mchele.

Jana Kabula amenifuata tena. Bado hajui ng'ombe ni wa nani, wala hajui kwamba bwana harusi ni ndugu yangu. Akaniuliza, "Mwalimu, wale watu uliwapata?"

Nikamwambia, "Bado."

Ng'ombe wanapelekwa Jumapili ya wiki ijayo, na gazeti huku linatufikia limechelewa, kwa hiyo msinijibu kwa mafumbo. Sitafuti wa kuniambia lipi ni sawa. Hilo nalijua na ndilo linaloninyima usingizi. Nawauliza ninyi mliowahi kusimama mbele ya baba mkadai kilicho chenu, mkabaki watoto wake: mlianza kwa neno gani?