Nyusi za Mdogo Wangu

Daktari aliandika kwamba mdogo wangu wa kiume haelewi lolote, kwa hiyo mkuu wa hospitali angesaini badala yake na mguu ungekatwa kesho yake. Miaka imepita, na bado natamani kumtia aibu daktari yule tena.

Lori lilikuwa limemgonga mdogo wangu kule Jacobs, mtaa wa viwanda wa Durban, akitoka kiwandani. Taya zilifungwa waya, mpira kooni, shingo kwenye kola, mikono yote plasta, mguu mmoja umesagika na kuanza kuoza. Niliacha shule wazazi walipokufa ili nimlee, nilimjua. Lakini siku ya kumpima nilitolewa nje. Daktari alimwambia kwa Kiingereza afumbe macho mara moja akikubali, mara mbili akikataa. Kiingereza cha mdogo wangu kilikuwa kidogo, akafuata desturi ya kwetu Kongo. Hakumkazia mtu mzima macho, aliyainamisha. Na kila alipotaka kusema ndiyo, aliinua nyusi.

Asubuhi daktari alikuja na wanafunzi wake. Nikasimama mbele yake, nikamuuliza kwa Kiswahili, polepole, kama yeye alivyozoea kusema nasi kwa Kiingereza:

"Dokta, nikunyoe ndevu zote hapa mbele ya watoto wako?"

Akainua nyusi kwa mshangao.

"Amekubali!" nikamwambia nesi kwa Kizulu changu kibovu. "Sista, lete wembe, namnyoa ndevu."

Tumbo la mdogo wangu likatikisika chini ya shuka, mpira ukapiga mluzi.

"Eish, dokta," nesi akasema, "huyu anacheka. Anaelewa."

Nikaeleza habari ya nyusi. Daktari akauliza upya, nikitafsiri. Wewe ni msichana? Zikatulia. Uko Durban? Juu. Unajua tusipokata unaweza kufa? Juu. Tukate?

Zikatulia.

Moyo ulinishuka, maana nilitaka aishi. Hata hivyo nilimtaka daktari afute alichoandika, aandike upya na asome kwa sauti. Akasoma, shingo nyekundu.

"Wa nyuma hawajasikia," nikasema.

Akasoma tena.

Siku mbili nilikaa na mdogo wangu nikimweleza bila kumsukuma. Siku ya tatu aliinua nyusi, mguu ukakatwa.

"Unaona?" daktari akaniambia. "Ni yale yale niliyotaka."

"Wewe ulitaka kumkata kama mtu asiyekuwepo. Huyu yupo, na amekubali mwenyewe."

Akaninyooshea mkono. Nikauacha hewani, wanafunzi wake wote wakiangalia.